Maji ya Imana na Mlipuko Mkubwa

Shikamoo, Mama.

Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kukwaruza, na mume wangu Deo aliyekuwa anapita uani akanitazama kama mtu aliyeanza kurukwa na akili. Mwache. Mwaka umepita tangu tukuzike pale Murukulazo kando ya migomba yako, na sijakuandikia hata mstari. Wewe mwenyewe hukupenda barua. Ulisema barua ni mtu anayeongea bila kukupa nafasi ya kumkatiza. Leo nina jambo, na kwa mara ya kwanza utanisikiliza mpaka mwisho.

Habari za nyumbani kwanza. Baba hajambo, ila magoti. Bado ni katekista wa kigango, bado anafundisha watoto wa komunyo ya kwanza, ingawa siku hizi husinzia katikati ya somo na watoto hawamwamshi. Migomba ya upande wa chini iliugua mnyauko, tukaing'oa. Tasiana mdogo wangu alinisaidia, na tulilia sote wawili, kwa ajili ya migomba tu.

Wakimbizi wanarudi kwao. Malori yanapita asubuhi yamejaa watu, mbuzi na milango waliyoing'oa kwenye vibanda, na kule kambini miti midogo imeanza kuota. Venansia wa kule kambini naye amerudi Burundi. Alikuja kukuaga, kwa sababu hakuwa na habari za msiba, maskini. Nilimpeleka kaburini. Alikaa pale muda mrefu, kisha akamimina maji kidogo ya kibuyu chake juu ya udongo wako, akaondoka. Baba aliona. Akaanza kukohoa na kutazama mawinguni, vilevile alivyokuwa akifanya kwa miaka yote alipopita karibu na mtungi wako.

Ah, mtungi wako.

Tangu nikiwa mdogo nilikuona kila jioni, kabla ya kufunga mlango, ukihakikisha maji hayajaisha. Hata kama tulikuwa na kiu, yale ya chini hayakuguswa. Yalikuwa maji ya Imana. Ulinieleza mara moja tu, nikiwa nimeanza kuota matiti: Mungu, yaani Imana wa Kihangaza chetu, humfinyanga mtoto tumboni mwa mama watu wakiwa wamelala, na mfinyanzi hawezi kufinyanga udongo mkavu. Mwanamke anayetaka kuzaa halali bila maji ndani ya nyumba. Baba aliwakataza wanawake wa kigango desturi hiyo, akisema ni mambo ya kipagani. Nyumbani kwake mwenyewe akakohoa na kutazama juu.

Sasa unajua ninakoelekea. Unacheka, nakujua.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo kutoka shule ya Biharamulo. Ulikuwa ule mwaka vilima vya ng'ambo viligeuka bluu kwa maturubai. Kila siku gari la afya lilipita na kipaza sauti: kuna mlipuko, chemsheni maji, kuna mlipuko, naweni mikono. Watoto walilijua neno hilo kabla ya kujua majina ya siku. Kwetu mlipuko ulikuwa kipindupindu na kuhara damu, wala haukuwa na maana nyingine. Na mto ule mwaka ule, na maiti uliozibeba, siwezi kuusema. Hatukuchota wala hatukula samaki wake, na nilipouona nilijiuliza Imana alikuwa wapi. Sikukuambia wakati ule. Nakuambia sasa.

Mchana mmoja tulikuwa uani tunapura maharage, wewe, mimi na Tasiana. Nikaanza kukupa masomo yangu, maana ulipenda nikusimulie. Nikakueleza kwamba makundi ya nyota yanaachana, kila moja linakwenda mbali na mwenzake, na wataalamu wakiyarudisha nyuma kwa hesabu wanakuta kwamba zamani sana vitu vyote vilikuwa pamoja, mahali padogo, penye joto lisilosemeka. Shuleni tulifundishwa kwa Kiingereza. Nikajitafutia Kiswahili chake mwenyewe, nikajivunia. Nikasema, ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkubwa.

Ukaacha kupura. Ukaniuliza, "Wa ugonjwa gani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tasiana hakucheka. Alichukua ndoo akaenda kisimani, na mpaka jua linazama habari ilikuwa imefika Bukiriro: binti wa katekista amefundishwa shuleni kwamba Mungu aliumba dunia kwa kipindupindu.

Mwaka mwingine watu wangecheka. Mwaka ule watu walikuwa wanazikwa kila asubuhi ng'ambo ya bonde, na hakuna aliyekuwa tayari kwa mzaha wa namna hiyo. Mzee Zakayo, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, alikuja na wenzake wawili. Hawakukaa. "Mripuko gani huo wa kuumba dunia?" alimwuliza Baba. "Shure gani hiyo?" Wakampa la kuchagua. Ama mimi nibaki nyumbani nikaanze katekisimu upya na watoto wadogo, ama yeye aache ukatekista, kwa kuwa asiyeweza kufundisha nyumba yake hawezi kufundisha watu. Jibu walilitaka Jumapili.

Baba hakunigombeza. Jumamosi alitoa sketi yangu ya shule kambani, akaikunja taratibu, akaitia kwenye sanduku la nguo za zamani na kulifunga. Hapo nikajua ameshachagua. Wewe ulikuwa unamenya ndizi. Ulitazama lile sanduku, ukaendelea kumenya, nami nikakuchukia kidogo kwa ule ukimya wako.

Jumapili baada ya ibada watu walibaki. Mzee Zakayo alipomwita Baba ajibu, uliinuka wewe. Mama, mke wa katekista, mbele ya wanaume wote wale! Ulijifunga kanga upya kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, ukaanza.

"Wazee wangu, mtoto amekosea neno la Kiswahili, hajamkosea Mungu. Na Kiswahili hapa sote tumekiazima."

Kuna aliyecheka kule nyuma. Ukaendelea kuwaambia habari za maharage, kwamba ganda likikauka juani hupasuka lenyewe na punje zikaruka, nyingine mkazikuta mpaka jikoni. Ndicho nilichotaka kusema, ila sikuwa na akili ya kusema maharage. Nilidhani umemaliza. Baba naye alidhani hivyo, nilimwona akishusha pumzi. Kumbe ulikuwa bado.

"Na kama kuuliza Imana anafanyaje kazi ni dhambi, anzeni na mimi. Tangu niolewe sijalala bila kumwachia maji. Nimezaa, nimelea, na miaka yote hii nimejiuliza anayafanyia nini yale maji. Huyu mtoto amekwenda kuniulizia. Mkimzuia, mtanijibu ninyi?"

Ulikuwa umejivua nguo mbele yao kwa ajili yangu. Mke wa katekista anaweka maji ya kipagani! Halafu mke wa Mzee Zakayo akaanza kucheka, akijiziba mdomo kwa kanga, na jirani yake akafuata, na kicheko kikapita upande wote wa wanawake. Kila mmoja alikuwa anauona mtungi wake mwenyewe. Mzee Zakayo akamgeukia mkewe, akamtazama sana, kisha akasema mambo ya shule ni ya Baba na mwanawe.

Baba alibaki katekista, nami nikarudi shule. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa hadharani na halikuweza kuachwa hivihivi. Ulikatazwa komunyo mpaka Pasaka, ukae benchi la nyuma. Wewe uliyekuwa ukienda ibadani hata na homa. Tasiana aliniandikia kwamba wenzako walipokwenda kupokea, ulibaki umekaa umeshika rozari yako, umenyoosha shingo kama mtu aliyechagua benchi lile kwa ajili ya upepo. Nilisoma barua hiyo bwenini, na tangu siku hiyo sikuwahi kusinzia darasani.

Asante, Mama. Sikuwahi kulisema vizuri. Nilikuletea kanga, nilikuletea sukari, nilikuletea ile redio, lakini hilo la benchi sikuwahi kulishukuru kwa mdomo wangu. Asante.

Na ile asubuhi ya mimi kurudi shule, unaikumbuka? Likizo nzima tulikuwa tumegombana juu ya kuchemsha. Ya kunywa ulikubali kuchemsha, ya Imana ukakataa kabisa. Maji yaliyochemshwa yamekufa, ulisema. Nikakueleza habari za vijidudu, ukaniuliza kama Imana huwa anaharisha. Asubuhi hiyo nikakuta sufuria jikoni inatokota, na mtungi umesuguliwa, unasubiri. Ukasema bila kunitazama, "Aliyeumba kwa udongo hashindwi na maji ya moto." Kisha ukanifungia viazi vya njiani. "Nenda. Ukishajua anafanyaje, uje uniambie."

Ndilo deni langu, ndiyo maana nimeandika.

Nimejua kiasi. Mwili umejengwa kwa chembe hai, ndogo kiasi kwamba punje moja ya ulezi ni mlima mbele yake, na sehemu kubwa ya kila chembe ni maji. Ndani yake mna maandishi ya namna ya kujenga mtu, na chembe huyasoma, huyanakili na kugawanyika bila mtu kuisimamia. Uhai wote tunaoujua unahitaji maji. Na maji yenyewe, sikiliza hili. Yameundwa kwa vitu viwili. Kimoja, haidrojeni, kilipatikana mwanzoni kabisa, karibu na ule mpasuko wa ganda lako. Cha pili kilipikwa baadaye sana ndani ya nyota zilizokwisha kufa. Kwa hiyo wewe, kila jioni, ulikuwa unamwekea Imana kazi yake mwenyewe ya zamani kuliko zote. Nilipolielewa hilo nilikuwa chuoni. Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikatamani kukimbia mpaka Murukulazo.

Maharage yako nayatumia darasani hapa Nyabusozi. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe, nao wanayaelewa haraka. Nawaongezea jambo moja tu: ganda la maharage hupasukia uani, lakini lile halikuwa na ua wa kupasukia. Ua wenyewe ulikuwa ndani ya ganda. Hapo kichwa huwazunguka, na hata mimi hunizunguka.

Kisha lazima mmoja aulize: Mwalimu, sasa Mungu yuko wapi? Huwa sikimbilii jibu. Wenzangu wengine wa sayansi, tena wenye akili kunishinda, wanaona kazi yote hii haimhitaji mtu, na tunakunywa chai pamoja. Mimi nawaambia wanafunzi kwamba vitabu vimenieleza vizuri namna vitu vinavyokwenda, ila havijanieleza kwa nini kuna kitu chochote. Na nawaambia kwamba kila ninapoangalia tone la maji ya bwawa kwenye hadubini, vile viumbe vinavyokimbizana mle, nasikia hamu ya kusema asante, na asante bila wa kuipokea hunikaa kooni. Huo si ushahidi. Ni mimi tu, mtoto wako.

Ule mto bado unaniuma. Sina jibu lake, wala wewe hukuwa nalo. Nilijua tu kwamba Venansia, aliyevuka kutoka huko na kuja kutulimia kwa chakula, alikuwa na kopo tupu la mafuta pale chini ya turubai lake, na licha ya foleni ile ya maji, watu wakisukumana tangu asubuhi, alibakiza maji kidogo ndani ya kopo. Ulipoliona ulijua ni maji ya Imana. Mtoto wake alizaliwa chini ya turubai lilelile.

Sasa la mwisho.

Unajua mimi na Deo tulivyosubiri. Ndugu zake walisema, majirani walisema. Wewe hukuniuliza hata siku moja kama nina mimba. Ulikuwa unauliza tu, tukishasalimiana, "Mtungi una maji?" Nami nilijibu yapo, Mama, ingawa kwangu ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na nilikuwa nikiijaza kila jioni huku nikijicheka, mwalimu mzima wa baiolojia.

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali. Wana ile mashine ya kumtazama mtoto akiwa bado tumboni. Nesi alinipaka kitu cha baridi, akageuza kioo nione. Palikuwa na weusi mwingi, na katikati yake kitu kidogo kimejikunja. Nikaogopa, nikauliza ule weusi ni nini. Akasema, "Hayo ni maji, Mwalimu."

Amelala ndani ya maji, Mama. Niliangalia kwa macho yote, yangu na yako. Niliutafuta mkono unaofinyanga, sikuuona. Niliona moyo tu, mdogo kama punje, unapiga mbio. Lakini hata wewe hukuwahi kumwona akija. Asubuhi uliyakuta maji tu, ukamshukuru.

Kwa hiyo deni nimelilipa nusu. Nakuahidi kumfundisha huyu kuuliza, hata kanisani, na maana zote za neno mlipuko. Akipata jibu kunishinda, atakuja kukuambia mwenyewe pale kwenye migomba. Pumzika, Mama. Kaa benchi la mbele.

Jua linazama hapa Nyabusozi, Deo anafunga mbuzi, nami nimetoka kuitazama ndoo.

Maji yapo, Mama. Nimeyachemsha.