Mkwe Kafika, Mimi Niko Mlimani

Shoga, nimekaa kando ya barabara, goti linawaka moto. Mkwe wangu kaniangusha na wala hajui!

Si unajua madereva wa mabasi wamegoma, na ufunguo wa jiko la chekechea ninao mimi? Basi akaniambia, "Mama, panda nyuma ya baiskeli nikuwahishe kazini. Nishike kiunoni."

Kiunoni! Mume wa binti yangu! Nikashika chuma cha chini ya kiti.

Kufika mlimani akakanyaga kwa nguvu, chuma kikaniponyoka, nikakaa chini pu, kama gunia. Yeye huyo anakwenda, tena anaongea nami! "Mama, kumbe u mwepesi hivi!" Nikaita wee, magari yakameza sauti.

Simu hapokei. Muuza magazeti kaniinua, kanifuta vumbi, Mungu ambariki, lakini kutembea siwezi.

Sasa hivi mlinzi wa shule kanipigia: "Bibi, mkweo yuko getini, kashikilia baiskeli, hata hageuki nyuma. Anasema, 'Shuka taratibu, Mama.' Nimwambieje?"

Shoga, watoto wanasubiri chakula, ufunguo uko kifuani mwangu, na yule anasubiri nishuke.