Baba, Kasuku na Sera ya Nesi

S.L.P. 12,
Wirrabee, Tasmania.
2 Juni

Mpendwa kaka Lindsay,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye baridi. Kifua chako kimepona? Shemeji Maeve na mapacha hawajambo huko Halifax? Sisi ni wazima. Baba pia, isipokuwa kile kidonda cha mguuni. Mdomo wake, kama ujuavyo, hauumwi kamwe.

Ulisema kwenye simu kwamba siku hizi wapiga kura hawachagui sera, wanachagua sura. Nilikubaliana nawe. Sasa sikia yaliyotupata.

Serikali ilitangaza kwamba ikifika Julai, nesi anayezunguka majumbani hatakuja tena. Unamkumbuka Salote, yule Mtonga anayemfunga Baba kidonda Jumanne na Ijumaa. Bila yeye, hospitali ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na mguu ule haukunjiki.

Siku hizohizo akaja ukumbini Brodie Tranter, mgombea ubunge asiye na chama, yule kijana anayecheza dansi na kasuku wake kwenye video za simu. Akacheza na kasuku mbele yetu, tukacheka hadi machozi. Baba akainua fimbo.

"Mwanangu, sera yako juu ya nesi ni ipi?"

"Tuko pamoja, mzee wangu!"

"Sijauliza tuko wapi. Nimeuliza nesi."

Ukumbi ukaangua kicheko, na safari hii hakikuwa cha kasuku. Brodie aliiva kama nyanya.

Mpinzani wake, Noreen Clegg, aliulizwa swali hilohilo. Akakiri hajui, akaliandika, na siku ya nne akaja hadi jikoni kwetu. Chama chake kingembakiza nesi siku moja tu kwa wiki. Baba akamfokea kwamba kidonda hakisomi kalenda.

"Ningeweza kukudanganya kwamba ni siku mbili, Mzee Haslam," akasema Noreen, "ila sitaki."

Baba akamkatia keki.

Zikafuata wiki tatu za simu. Baba aliwapigia wazee wenzake wote, nao wakamwuliza Brodie swali la nesi kila alikokwenda, hata dukani akimnunulia kasuku chakula. Mwisho kijana aliketi na Salote mchana kutwa, akamsikiliza, akatoa karatasi yenye saini yake: nesi siku mbili, la sivyo akiingia bungeni haungi mkono bajeti ya serikali.

Siku ya kura tulipanga foleni shuleni, soseji na mkate mkononi kama desturi ya huku, tukawapa wagombea namba, moja kwa tunayemtaka zaidi, hadi wa mwisho. Brodie alishinda kwa tofauti ya kura sitini na tatu. Wiki iliyopita serikali, ambayo haina wingi bungeni na inamhitaji, ikakubali. Salote anabaki! Nililia, kaka, sikufichi.

Jana Brodie alipiga simu kumshukuru Baba kwa kumchagua.

"Kati ya wagombea wanne nilikupa namba tatu," Baba akamwambia. "Noreen nilimpa moja. Ila wewe fanya kazi kana kwamba moja ilikuwa yako."

Akakata simu, akaomba chai.

Nisalimie Maeve na mapacha, na shangazi Isla ukimwona. Mungu awatunze huko ugenini na awape majira mema ya joto.

Dada yako anayekupenda daima,
Thelma