Mbwa wa Fundi Viatu

Jumamosi, 4 Machi
Wiki ya tatu tunarudi mikono mitupu. Tulitega nyavu kwenye mashimo yote, tukafukiza moshi upande wa pili – hata sikio la sungura hatukuliona. Na mwezi juzi walikuwa wanatupita miguuni! Baba mkwe aliinama shimo hadi shimo, akasema kuna kitu kimewamaliza. Akatutazama mmoja mmoja. Nikaropoka: mbwa wa fundi viatu. Nimemwona huku mara mbili. Fundi, mwenzetu wa mawindo miaka yote, leo hakuwepo. Uongo mtupu. Sijui ulitoka wapi.

Jumapili, 5 Machi
Najua sana ulitoka wapi.
Mwezi jana sungura wangu wa bandani walikufa saba kwa siku mbili, damu puani. Baba mkwe alinikataza kununua wale wa mnadani, nikajifanya mjuaji. Ningewazika uani, mke wangu angeona, angemwambia baba yake. Nikawatia guniani, nikaenda kuwatupa kule kule tunakowinda. Nilijiona mjanja kweli.

Jumanne, 7 Machi
Nimepita kwa daktari wa mifugo. Nilimwuliza kana kwamba ni habari za rafiki. Akasema ugonjwa huo hushika wa porini pia, mzoga mmoja unatosha, na wengi hufia humo humo shimoni, ndiyo maana hawaonekani. Akaniuliza: huyo rafiki mizoga aliipeleka wapi? Nikasema aliizika. Jasho mpaka kwenye soksi.

Alhamisi, 9 Machi
Baba mkwe kaamua: mbwa auawe, au fundi asikanyage tena mawindoni. Mke wangu ananiuliza nina nini, mbona chai imepoa. Nilifungua kinywa niseme. Nikaomba sukari.

Jumamosi, 11 Machi
Fundi amekuja mwenyewe na mbwa wake. Kamfunga kwa kamba za viatu alizozisokota pamoja. Hakugomba. Kasema angesema mwingine angebisha, lakini mimi hanijui kwa kusingizia watu. Kanishikisha kamba – nimmalize mimi, yeye mkono wake hautainuka. Kisha akaondoka bila kugeuka nyuma.
Nimeingia ndani na mbwa, eti natafuta viatu. Ninavyo miguuni! Na fundi ndiye aliyevishona.
Baba mkwe yuko uani na bunduki, ananiita mara ya pili. Mbwa ameinuka kabla yangu, anatikisa mkia. Anadhani tunakwenda kuwinda.