Jipsamu Mbele ya Ukuta Wangu

Jumanne. Joto la kunata tangu asubuhi, na mie sina hamu ya chai wala ya mtu.

Moyo umevunjika. Nisisingizie uchovu.

Shule niliiacha mapema, hata haya naandika kwa kidole kimoja kwenye blogu aliyonifungulia binti yangu. Lakini ulizia Tandika yote, ulizia Keko, fundi wa plasta ni nani. Nikipiga niru ya saruji, ukuta unang'aa mpaka unaweza kujitazamia ukachana nywele.

Mwanaidi, kitinda mimba wangu, ni mpiga picha. Amepanga fremu ya duka huko Boko, ndiyo studio yake. Alitaka ukuta unaopinda chini ukaungana na sakafu bila kona, mtu akisimama pale nyuma yake kusionekane kitu, kama yuko mawinguni. Nikamwambia asitafute fundi. Nani amjengee mwanangu na mie niko hai?

Nikaukunja kwa wavu wa kuku na saruji, ukawa laini kama tumbo la chungu. Hapo alifurahi.

Halafu nikachanganya niru.

"Baba, usiung'arishe! Taa zitanirudia kwenye picha."

"Ukuta wa Mzee Salumu usipong'aa, watu watasema nimekufa."

Tukabishana mpaka mama wa duka la vitenge la jirani akachungulia: "Nyie, baba na mwana, niite mjumbe?"

Nikashinda mie. Huwaga nashinda.

Wiki iliyofuata akanipigia simu. Ukuta mzuri baba, wateja wanausifia. Nikawatangazia wazee wote pale msikitini.

Leo nimekwenda bila kumwambia, na ndizi zangu mzuzu mkononi. Nimeingia, ukuta wangu siuoni. Mbele yake kuna jipsamu, yale mabamba meupe ya dari, imepindwa vizuri, na fundi kijana anaisugua msasa.

"Shikamoo mzee. Usiguse, haijapakwa rangi."

Nikamuuliza huku nyuma kuna nini.

"Ah, kuna ukuta unang'aa kama kioo, mzee. Kila picha taa inatokea nyuma ya kichwa cha mtu. Sista kapaka rangi mara mbili, inabanduka tu. Sijui fundi gani kamharibia."

Nikamjibu marahaba.

Mwanaidi akaingia, akaniona, akasimama pale mlangoni.

"Baba, ningekuambia."

"Lini?"

"Nilikuonea huruma, baba."

Huruma.

Nikaziweka ndizi chini nikaondoka.

Huyu mtoto ndiye peke yake nyumbani kwangu aliyethubutu kunipandishia sauti. Kaka zake walikuwa wakinikimbia. Yeye anasimama, mikono kiunoni, ananiambia baba hapo umekosea, na mie nafoka, lakini moyoni nafurahi kwamba nina mwenzangu. Sasa ananidanganya taratibu kama mtu anavyomdanganya mgonjwa aliyekatiwa tamaa.

Jipsamu waivunje, waiache, hiyo si shida yangu.

Mwanaidi, najua huwa unapita humu. Niru yangu haina kosa, hapo sirudi nyuma. Lakini njoo nyumbani unigombeze. Njoo upige kelele mpaka majirani watoke.

Au ndio nimeshazeeka kiasi hicho, mwanangu, hata ugomvi unaninyima?