Upawa wa Mama na Kaboni ya Bahari

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Usicheke: niko kidato cha tatu, lakini bibi yako ni dada yangu, basi nami ni bibi yako. Hapa Bofu sote tu wazima.

Umeuliza kaboni ya hewani hufikaje kilindini. Mwaka jana mwamuzi wa mashindano ya sayansi aliniuliza hivyo hivyo, nami nikasema inazama yenyewe. Akatikisa kichwa. Shule yetu haikuwa imewahi kushinda.

"Subiri, mwamuzi!" nikasema. "Mama akipika tui, hulivuga lisikatike: huliteka kwa upawa na kulimimina, la juu liende chini. Bahari nayo huvugwa hivyo. Msimu wa kusi, upepo huyapoza maji ya juu na kuyachanganya na ya chini, yakashuka na kaboni yake. Joto likirudi, maji ya vuguvugu hufunika juu, na sehemu ya kaboni hubaki kilindini."

"Nani kakufunza?"

"Mwalimu wangu, na Mama. Nikizembea, upawa hunigeukia mimi."

Ukumbi ukacheka. Tukashinda!

Nyumbani Mama akasema, "Hongera. Haya, leo vuga wewe."

Nikavuga nikiimba, na tui halikukatika.

Bibi yako mdogo,
Mwanaisha