Gari la Torsten mbele ya antena

Ylva, upo? Siamini!

Torsten, yule mwenye kampuni ya kufuli za magari, kaleta gari lake mwenyewe tulipige kwa mawimbi makali ya mikrowevu, tuijaribu kufuli yake. Nikamwambia ufunguo auweke kwenye sanduku letu la chuma lisilopitisha mawimbi, kama sote. Kacheka! "Dada, hizo hofu zenu za maabara. Kufuli yangu haidhuriki." HAIDHURIKI! Akauacha garini, ndani ya koti.

Nikawasha mtambo.

Tak! Milango yote ikajifunga.

Halafu ananiambia mimi, "Andika imefaulu." Mimi, Ylva! Niandike imefaulu!

"Vaa koti lako kwanza, bwana," nikamwambia, "ndipo niandike."

Sasa niko dirishani na kahawa yangu. Yeye yuko kwenye theluji, bado anavuta kitasa.