Kinundu Kisichosogea

2 Februari

Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko? Magoti ya mama je? Mimi mzima, ila kiti cha ofisi kinanivunja mgongo.

Umeuliza nasoma nini hasa. Kwasa ni kiini cha galaksi ya mbali mno, chenye shimo jeusi linalobugia gesi. Gesi hiyo hupata moto mpaka ikatoa eksirei. Darubini iliyo angani huzinasa, nami nazipanga kwenye grafu, kuanzia hafifu hadi kali. Mstari ukiota kinundu, hiyo ni alama ya madini fulani. Basi mwenzio nimepata kinundu ambacho hakuna aliyewahi kukiona! Profesa kafurahi kweli. Juni nahitimu, Julai nakuja kukaa na mama, nawe uende zako kwenye ile kazi mpya.

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima, magoti yanamsumbua mama asubuhi tu. Hilo shimo lako linakula kama wewe ulipokuwa mdogo.

Mwenye kiwanda amekubali kunisubiri hadi Julai, si zaidi. Mimi, msimamizi wa mafundi cherehani, mji mwingine kabisa! Nimemwomba mama tena tuhame wote, akasema nyumba hii atatoka amebebwa. Kwa hiyo ni wewe tu. Fanya hima.

Dada yako

11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, usingizi ndio hakuna.

Kinundu si cha kwasa. Kadiri kwasa ilivyo mbali, ndivyo vinundu vyake vinavyosogea upande wa hafifu. Juzi nikapima kwasa ya mbali zaidi: kinundu pale pale. Nyingine tena: pale pale. Dada, ni shaba iliyomo ndani ya kamera ya darubini yetu wenyewe! Kamera ina kelele zake, yaani alama za uongo inazotia yenyewe kwenye picha; huwa tunazipima na kuziondoa. Mimi nilizipima katikati ya picha, ambako shaba haionekani, na kwasa zangu ziko pembeni.

Profesa hajajua. Nikinyamaza, Juni nahitimu. Nikisema, naanza upya, mwaka mzima. Nifanyeje?

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo.

Usiniulize mimi. Nikisema nyamaza, kesho utasema dada ndiye aliyekutuma. Nikisema sema, nimejinyima kazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mzigo ni wako, ubebe. Nimekasirika na sifichi. Mama nilimsomea yote, akaomba chai.

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo?

Nimemwambia profesa. Alizifungua grafu moja moja, kisha akasema, "Kweli, ni kamera." Juni ndiyo imekwenda. Najua nimekukosesha kazi, dada yangu. Nisamehe.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi na mama tu wazima, uchovu tu.

Barua yako iliniliza, sitakudanganya. Nilipomsomea mama, akataka nirudie pale ulipomwambia profesa. Asubuhi nikamkuta amepanda kiti, na magoti yale, anashusha mapazia. "Mama, utaanguka!" Akanijibu, "Shika huku, acha kelele. Mwenzio kaanza upya kule, mimi ni nani nisianze?"

Tumehama. Anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Chumba chako kipo, ila utalala na cherehani. Mama anauliza kama umeshaanza kupima tena.

Dada yako